Boti Niliyodhani ni Bodi ya Lori

Tangu nirudi Matinyani sijamaliza kikombe kimoja cha chai bila mtu kuniuliza. Kina mama wa ushirika wameuliza, mafundi wenzangu pale sokoni wameuliza, na pasta naye aliuliza katikati ya matangazo. Kila mmoja amesikia kipande chake: eti nilipigana na nyani, eti nilikaribia kuolewa Mutomo, eti nilibatizwa mara ya pili. Basi naandika yote mara moja. Mkishasoma, tafadhali msiongeze chumvi, kwa sababu iliyoko inatosha.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mama Mwende. Nina miaka hamsini na minne, na kazi yangu ni kushona turubai za malori na kava za viti vya magari katika kibanda changu mjini Kitui. Sijui kuogelea. Mito niliyokulia ni ya mchanga. Ukitaka maji, unachimba.

Matinyani hadi Kitui mjini

Simu ilinikuta nikilisha kuku. Alikuwa Mzee Musyoka, dereva wa zamani wa malori ya masafa marefu, ambaye niliwahi kumshonea kava za viti. Nilijua amestaafu na yuko Mtito Andei. Mtandao ulikuwa unakatika kama kawaida.

"Mama Mwende! Nataka kava. Ya mbodi."

Sisi Wakamba mnatujua. B yetu haitembei bila m. Ukiongezea na mtandao mbaya, boti na bodi ni kitu kimoja.

"Ya ukubwa gani, mzee?"

"Mita tano na kidogo hivi. Lakini ile kitu nataka ufunike sana ni dashibodi na waya. Maji isiingie kabisa. Na ukuje haraka, mvua ndiyo hiyo, na watoto wako na mtihani."

Nilijiuliza kidogo lori na mtihani vinajuana wapi, nikaamua ni lori la kubeba wanafunzi. Kuhusu dashibodi nilijiambia labda kioo cha mbele kimevunjika. Mwanadamu akishaamua kwamba kitu ni lori, kila neno litakaloongezwa litaingia tu ndani ya lori.

Nilipitia kibandani nikachukua mita kumi na mbili za turubai nzito ya kijani, cherehani yangu ya mkono, sindano kubwa, pete za shaba, uzi wa nailoni na kipande cha nailoni ya kuonea ndani. Nikatia pia vile visumaku bapa ninavyotumia kufungia mifuko ya viti. Nilifunga kila kitu ndani ya turubai, nikaizungushia leso mbili kwa sababu ya vumbi. Kumbukeni hizo leso, ndizo zilizoniponza.

Kitui hadi Mutomo

Nilipanda Probox, lile gari dogo la abiria, la kwenda Mutomo. Mbele aliketi mzee mmoja aliyevaa suti ya kahawia na kofia, akiwa amepakata kreti ya soda. Tulipokaribia Mutomo, dereva akakata kona kwenye barabara ya vumbi bila kusema neno.

"Tunaenda wapi?" nikauliza.

"Tunashusha huyu mzee tu, mama. Dakika mbili."

Zile dakika mbili zilitufikisha kwenye boma lenye mahema na umati. Kulikuwa na ntheo: upande wa kijana ulikuwa umeleta mbuzi za kuanzia mahari, na upande wa msichana ulikuwa unazikagua. Kabla sijatia mguu chini, kina mama watano waliimba mpaka mlangoni kwangu, wakanikumbatia, na mmoja akaushika mzigo wangu.

"Shangazi wa Nairobi amefika! Na ameleta blanketi!"

Nilijaribu kusema. Sauti yangu ilimezwa na vigelegele. Nilikalishwa kwenye kiti cha plastiki kilichofunikwa kitambaa cheupe, nikawekewa sahani ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, na nyama ya mbuzi yenye mafuta yanayong'aa. Mnanijua, sikatai muthokoi. Nilikuwa natafuna kipande cha pili niliposikia mshereheshaji akisema sasa shangazi atatupatia neno.

Nilisimama. Nikawaambia bibi arusi na bwana arusi wapendane, wasilale wakiwa wamekasirikiana, na wasinunue kava za viti za bei rahisi kwa sababu hupasuka kwenye mishono. Walipiga makofi. Kisha bibi wa msichana, mwanamke mwembamba aliyeegemea fimbo, akasema blanketi lifunguliwe watu waone.

Lilifunguliwa. Turubai ya kijani ikatandazika, cherehani ikabingirika mpaka miguuni mwa mzee wa suti ya kahawia.

Yule bibi wa fimbo akainama, akaipapasa turubai kwa vidole viwili, akasema, "Hii haitoboki kamwe. Huyu ndiye ameleta zawadi ya maana."

Ilinichukua karibu saa nzima kuwaeleza mimi ni nani, na saa nyingine kuirudisha turubai. Shangazi halisi alifika nikiwa naondoka. Alikuwa ameleta glasi sita. Alinitazama vibaya.

Mutomo hadi Mtito Andei

Nilipofika Mutomo gari za kwenda Kibwezi zilikuwa zimeondoka zote. Aliyeniokoa ni Abdi, mfanyabiashara wa mifugo ambaye familia yake ilihamia hapo kutoka kaskazini mashariki kabla hajazaliwa. Anaongea Kikamba kunishinda. Alikuwa akipeleka mbuzi thelathini Mtito Andei, na ndani ya lori lake kulikuwa na nafasi moja mbele.

"Panda, mama. Lakini mzigo utakaa nyuma na mbuzi."

"Hawataula?"

"Mbuzi wangu wana adabu."

Abdi ni mtu mzuri wa safari. Alinipa tende na chai ya maziwa ya ngamia kutoka kwenye chupa yake, na alinisimulia habari za kila mbuzi aliyewahi kumdanganya. Alisimama mara moja kuswali kando ya barabara, mimi nikatumia nafasi hiyo kwenda nyuma kuangalia mzigo wangu. Mbuzi mmoja mweupe alikuwa ananitazama huku kitu cha njano kikining'inia mdomoni kama tambi. Ilikuwa futi yangu ya kupimia. Nilivuta, akavuta. Nilipata futi iliyoanza kwenye sentimita kumi na nne.

"Adabu hiyo!" nikamwambia Abdi aliporudi.

"Huyo nilinunua jana," akasema. "Bado hajafundishwa."

Tulivuka daraja la Athi mchana. Mto ulikuwa chini, maji ya rangi ya chai yakipita katikati ya mchanga mpana. Baada ya Kibwezi mvua ikatunyeshea ghafla, mvua ya matone makubwa. Abdi alisimamisha lori, akanitazama, akaitazama turubai yangu kule nyuma, akanitazama tena. Nilielewa. Tuliwafunika mbuzi thelathini kwa turubai ya mteja, na ndiyo maana kava ile mpaka leo inanuka beberu.

Mzee Musyoka alitupokea nyuma ya kituo kimoja cha petroli Mtito Andei, kati ya malori yaliyoegeshwa. Niliteremka nikiwa tayari na futi mkononi.

"Lori liko wapi?"

"Lori gani?"

Alinyoosha kidole. Juu ya trela, chini ya mgunga, kulikuwa na boti nyeupe yenye mstari wa bluu.

Abdi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilizunguka boti ile mara mbili. Sikuwahi kukaribia boti maishani mwangu, na sikutegemea kuanzia Mtito Andei.

Siku mbili chini ya mgunga

Musyoka alinieleza kesho yake asubuhi tukinywa chai. Kijijini kwao, kwenye ukingo wa Athi upande wa Makueni, watoto wa sekondari huvuka mto kwa miguu kwenda shule iliyoko upande wa Kitui. Mto ukijaa hawavuki. Njia ya kuzunguka hadi darajani ni ndefu, nayo mvua huikata kwenye makorongo mawili. Mwaka uliopita watahiniwa wawili wa kidato cha nne walisimama ukingoni wakiangalia paa la shule yao huku mtihani ukifanywa bila wao. Mmoja wao alikuwa mjukuu wake Musyoka.

Wazazi walichanga, wakanunua boti iliyotumika kutoka Mombasa. Musyoka aliwahi kuendesha boti za wageni huko pwani kabla ya kuingia kwenye malori, kwa hiyo akawa Kapteni. Trela lilivunjika ekseli Mtito Andei, na wakati likisubiri kutengenezwa, nyani wa Tsavo waliikagua boti. Walivunja kifuniko cha plastiki cha dashibodi na kile kimlango cha chini yake. Waya zote zilivutwa nje. Fundi wa umeme alikuwa amezirudisha moja moja, lakini zilibaki wazi, na mvua ya kwanza tu iliizima injini.

"Mtihani ni lini?" nikauliza.

"Jumatatu saa nane mchana wanaanza karatasi kubwa. Watoto ni wanne."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Nilimaliza chai nikaenda kufungua mzigo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katikati ya boti kuna kama meza iliyosimama, yenye usukani, geji tatu, swichi na dira. Chini yake ni tumbo la waya zinazokwenda kwa betri. Nilikata karatasi za saruji nikazibandika pande zote mpaka nikapata umbo lake, kama vile mtu anavyopimiwa koti. Juu nilishona kofia, mbele ya geji nikatia dirisha la nailoni ya kuonea ndani, na kando nikashona mikono miwili mirefu ya kupitishia waya hadi kwenye betri, kila mmoja ukiinama kabla ya kuingia ili maji yadondoke nje. Nilikataa kuibana sana. Kava isiyopumua hutoa jasho ndani, na jasho huozesha waya kushinda mvua.

Nyani walikaa juu ya ukuta wa kituo wakinitazama kama wasimamizi wa mtihani. Ijumaa waliniibia chapati mbili. Jumamosi nilileta chapati ya tatu ya kuwapa mbali, nao wakaila, kisha wakaniibia na zile mbili.

Pazia la nyuma, linalofunika tumbo la waya, nilipolikata lilitoka refu mno. Nilipiga hesabu mara tatu, nikagundua kwamba nilikuwa nimeipima boti kwa futi yangu kana kwamba bado ina sentimita zake kumi na nne za mwanzo, kisha nikakata turubai kwa rula nzima ya kuazima. Pazia zima nilikuwa nimelikata kwa hesabu ya mbuzi. Musyoka alisema tupunguze. Nikamwambia hapana, liachwe, lilale sakafuni kama sketi ya mama mchungaji. Maji hayatapata pa kuingilia.

Niliona fahari zaidi kwa namna nilivyolifunga lile pazia: visumaku kumi na vinne, vinanasa vyenyewe tap-tap-tap. Jumamosi jioni Kapteni aliketi kwenye usukani kulijaribu. Alifunga. Akafungua. Akafunga. Kisha akakunja uso.

"Mama Mwende, Kilimanjaro iko wapi?"

Nilimwonyesha. Mawingu yalikuwa yameondoka, ilionekana kabisa.

"Basi kwa hii dira, Kilimanjaro imehamia Garissa."

Tulizunguka boti, tukaipiga dira kofi, tukalisogeza trela zima. Mshale haukujali. Abdi, aliyekuwa bado hajauza mbuzi wake wote na alikuwa amefanya boti yetu kuwa sinema yake, ndiye aliyeona. Alishika pazia langu akalipeleka kushoto. Mshale ukalifuata kushoto. Akalipeleka kulia. Mshale ukaenda kulia.

"Mama," akasema kwa upole, "umeshona kaskazini."

Nilivitoa vyote kumi na vinne kwa wembe. Vifungo vya kubana vya kuweka mahali pake havikuwepo Mtito, na Jumapili maduka yaliyokuwa navyo Kibwezi yalikuwa yamefungwa. Nilishona kamba za kufunga, nne kila upande, kwa haraka, baada ya ibada. Fundi anajua kazi yake ya haraka. Niliziangalia zile kamba, roho yangu haikutulia.

Mtito Andei hadi ukingo wa Athi

Jumatatu tuliondoka asubuhi, trela likiwa limeshatengenezwa na likivutwa na lori la Abdi, ambaye alisema ameshindwa kufanya biashara bila kujua mwisho. Usiku mvua kubwa ilikuwa imenyesha huko juu Machakos. Kwenye korongo la kwanza tulisukuma. Kwenye la pili tulisukumwa na watu waliokuwa wakienda sokoni, na mmoja wao aliuliza kama tumepotea njia ya bahari.

Tulifika saa sita na nusu. Ule mto wa rangi ya chai niliouvuka darajani siku ya Alhamisi haukuwepo. Hapo palikuwa na kitu kipana, chekundu, kinachotembea na matawi na kuunguruma. Ng'ambo, juu ya kilima, nililiona paa la shule.

Watahiniwa wanne walikuwa wamesimama kwa sare, viatu mkononi, kalamu ndani ya mifuko ya plastiki. Wazazi walikuwa nyuma yao. Hakuna aliyeimba. Tuliiteremsha boti majini, Kapteni akawavalisha watoto majaketi ya kuelea, na wakati huohuo mvua ikaanza.

Mama mmoja akaja mbele. Baadaye nilijua ni mama yake Mumbua, yule msichana mrefu. Alikuwa ndiye mama wa mtahiniwa mwingine aliyekosa mtihani mwaka uliopita, kaka yake Mumbua. Aliigusa turubai.

"Hii ndiyo ya kuzuia maji kwa stima?"

"Ndiyo," Kapteni akajibu.

"Nani ameshona?"

Wote walinigeukia, na Abdi pia, tena huyo alininyooshea kidole kabisa.

"Ni mimi," nikasema.

"Unaiamini?"

"Naiamini."

"Basi panda nayo."

Nilitafuta uso hata mmoja wa kunitetea. Hakukuwa na hata mmoja. Na kusema kweli, mwanamke yule alikuwa na haki. Nilivaa jaketi la mwisho, halikufunga kifuani, nikapanda kwa magoti.

Kuvuka

Injini ilishika mara ya kwanza. Watu walipiga kelele ukingoni. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nyuma ya Kapteni, nikiwa nimeshika kila kitu kilichoweza kushikwa.

"Kuna mamba?" nikauliza.

"Wako chini huko."

"Chini wapi?"

"Mama Mwende, wacha niendeshe."

Maji yalitupeleka upande, Kapteni akaelekeza pua ya boti juu kidogo, kuelekea kule mto unakotoka. Katikati, upepo ukageuka ukatupiga kutoka nyuma, na mvua ikaja imelala. Nilisikia sauti ninayoijua kuliko sauti ya watoto wangu: uzi unakatika. Kamba ya kwanza ya pazia ikang'oka. Ya pili ikafuata. Pazia lilipepea, na nikaona tumbo lote la waya limejianika, na maji yanaruka.

Sikufikiri. Mimi ninayeogopa beseni niliachia kila kitu, nikajitupa juu ya lile pazia, nikalikandamiza kwa mikono yote miwili na kichwa. Sentimita kumi na nne za mbuzi zilinipa mahali pa kupigia magoti. Mvua ilinipiga mgongoni kama kokoto. Nilisali kwa Kikamba, kwa Kiswahili, na kwa maneno ambayo sijui ni ya lugha gani. Nyuma yangu nilimsikia Mumbua akikariri kanuni za fizikia, na wenzake watatu wakazipokea, na kwa muda sala yangu na kanuni zao zikachanganyika. Injini ilikohoa mara moja. Kapteni alisema jina la mama yake. Injini ikaendelea.

Kisha boti ikagonga mchanga.

"Tumefika," Kapteni akasema. "Mama Mwende, unaweza kuachilia."

Nilitaka, lakini vidole vilikataa. Vilikuwa vimeganda kwenye turubai, vimekuwa vyeupe kama vya mtu mwingine. Mumbua akapiga magoti mbele yangu, akavikunjua kimoja kimoja, kama mtu anayefungua ngumi ya mtoto aliyelala.

"Asante, anti," akasema.

"Nendeni! Saa ngapi?"

"Saa saba na nusu."

Walikimbia kwenye kilima, peku, viatu bado mkononi. Mwalimu mmoja alikuwa amesimama getini akiwahesabu kwa kidole. Nilimwona akifika wanne, akiingia ndani nyuma yao, akifunga.

Kapteni alizima injini. Sasa nilisikia mvua peke yake. Alitaka kusema kitu, nikamwambia anyamaze kwanza. Nililiinua pazia, nikaufuta mkono kwa upande wake wa ndani, nikautia chini ya dashibodi, mpaka ndani kabisa, nyuma ya geji, nikapapasa waya mmoja baada ya mwingine, taratibu, nikitafuta unyevu.

Mkono ulitoka na vumbi.